Vijana wa Lindi, tukatae kulinda geti la utajiri wetu

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu kwenye kijiwe cha kahawa hapa Mitwero, Lindi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Wewe unayesoma gazeti hili ukiwa Mtwara, Temeke au Kariakoo, jihesabu ulikaa nasi kwenye benchi.)

  

Nianze na jina. Ukienda Kariakoo leo ukamwona kijana ametundika mikanda na soksi begani, macho huku na huku akiwaogopa mgambo, utasikia anaitwa machinga. Wengi husema jina hilo limetokana na Wamachinga, watu wa pwani yetu hii ya Lindi na Kilwa, ambao vijana wao waliingia Dar es Salaam bila mtaji na bila mjomba mwenye ofisi. Makabila mengine yameipa nchi majina ya ngoma na ya vyakula. Sisi tumeipa jina la mchuuzi wa kukimbizwa.

Je, tulitoka kwetu kwa sababu kwetu ni jangwa? Hapana. Kilwa ile pale ilitengeneza sarafu zake yenyewe wakati miji mingi ya bara hili haijui sarafu ni nini. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Dhahabu iliyowatajirisha wazee wale haikuchimbwa Kilwa, ilitoka mbali, upande wa Sofala. Kilwa ilitajirika kwa sababu ilishika bandari, ikashika ushuru, ikashika hesabu. Kazi yenye malipo ilifanyika pale pale.

Leo mali iko kwetu na hesabu iko kwa wengine. Ndiyo habari niliyowaletea.

GETI NA MARA NNE

Nimekuja na tarakimu chache, msichoke. Serikali hutoa Amri ya Mishahara kwa sekta binafsi, inayotaja kima cha chini kwa kila sekta. Katika amri ya mwaka 2013, kampuni ya kimataifa ya nishati ilitakiwa kumlipa mfanyakazi wake wa chini kabisa Sh 400,000 kwa mwezi. Kampuni ndogo ya ulinzi ilitakiwa kulipa Sh 100,000. Ikaja amri nyingine iliyoanza Januari 2023. Yule wa nishati akapanda hadi Sh 592,000. Yule wa kampuni ndogo ya ulinzi akapanda hadi Sh 148,000.

Pigeni hesabu wenyewe. Miaka kumi ilipita, wote wawili wakaongezwa, na pengo likabaki lile lile: mara nne. Kwa amri ile ya 2023, aliye ndani ya geti alitakiwa kulipwa mara nne ya anayelifungua. Tena hapo nasema wa chini kabisa ndani ya geti, sijamgusa fundi wala injinia.

Sasa niambieni, mradi mkubwa ukija pwani hii, kijana wa Mitwero anayesubiri kazi huwa anategemea kazi gani? Mlinzi. Mpishi. Dereva wa bodaboda wa kuwapeleka wafanyakazi. Kibarua wa kufyeka pori. Sizidharau kazi hizo, zimelea watoto wengi. Lakini mtu akikuahidi "ajira kwa vijana" jukwaani, muulize swali moja tu: ndani ya geti au nje ya geti?

TUMESHAAHIDIWA SANA

Wazee wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao. Mwaka 1947 Mwingereza alikuja na mradi wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Akaleta matrekta, akajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafa. Baada ya Uhuru reli nayo ikang'olewa. Babu zetu walifyeka msitu kwa mshahara wa kibarua, na Mwingereza alipoondoka aliondoka na ufundi wake.

Mwaka 1974 gesi ikagunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mkoa wetu huu huu. Ikakaa ardhini miaka 30. Mwaka 2004 ikaanza kusafiri kwa bomba, ikapita chini ya bahari, ikapita Somanga, ikaenda Ubungo kuwasha taa za Dar es Salaam. Nani alipata kazi za kudumu za kuendesha mitambo ile? Hesabuni vijana wa mtaa wenu waliomo.

Mwaka 2013 wenzetu wa Mtwara wakachoka. Januari na Mei mwaka ule watu waliingia barabarani kupinga gesi isiende Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likaletwa. Mwaka 2015 bomba likakamilika na gesi ikaenda vile vile. Mimi ni mtu wa upinzani na siwalaumu waliodai haki, nawalaumu waliowajibu kwa risasi. Lakini tusemezane ukweli sisi kwa sisi. Tuligombea bomba lipite wapi. Hatukuwa na karatasi mkononi inayosema kazi hizi ni ngapi, za ngazi gani, zinataka cheti gani, na zitafundishwa wapi. Mwenye karatasi alikuwa ni yule mwingine, na mwenye karatasi ndiye aliyeshinda.

Sasa tunaambiwa Likong'o. Hapo jirani tu. Gesi ya bahari kuu ni sehemu kubwa ya ile jumla ya futi za ujazo trilioni 57 ambayo Serikali huitaja kila siku. Juni 2022 mkataba wa awali ulisainiwa Dodoma kati ya Serikali na makampuni, Equinor na Shell wakiwa mbele. Mei 2023 tukatangaziwa mazungumzo yamekamilika. Mwaka 2024 ukaisha bila uamuzi wa mwisho wa kuwekeza. Watu wa Likong'o walishatoa ardhi na fidia ikalipwa. Fidia ni fedha ya mara moja. Ukishaila, ardhi hairudi na fedha hairudi. Kinachorudi kila mwezi ni mshahara.

CHUO SI DAWA PEKE YAKE

Hapa najua kuna mtu anataka kunikatiza. Atasema: mwandishi, mbona Serikali inatujengea chuo kikuu? Kweli. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, kwenye mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapata kampasi Lindi na nyingine Kagera. Ya kwetu ni ya mambo ya kilimo. Tuna VETA. Tuna chuo cha afya pale mjini. Nachingwea wana chuo cha ualimu. Lindi inageuka kuwa mji wa vyuo, na mimi nafurahi. Jambo jema ni jema hata likifanywa na chama nisichokipenda.

Lakini twendeni Morogoro kidogo. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 1984. Ina Mzumbe. Ilikuwa pia na viwanda vya kila namna, kikiwamo kile kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, eti kiuze viatu Ulaya. Kiwanda hakikufikia hata robo ya uwezo wake, kikafa. Vyuo vikabaki, sehemu za kazi zikapungua. Matokeo yake mnayajua: kijana anasoma Morogoro, anapiga picha ya joho, anapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi.

Nendeni na Dodoma, ambako chuo kikuu kilianzishwa mwaka 2007. Pembeni ya chuo chochote kinachoota kwanza ni vyumba vya kupanga, chipsi, mashine za fotokopi na bodaboda. Mwenye nyumba anapata. Kijana anayekaanga chipsi anapata kidogo. Ni biashara halali, lakini bado ni nje ya geti.

Chuo kisicho na mahali pa kazi ni kama stendi ya mabasi. Watu wanafika, wanakaa kidogo, wanaondoka. Mshahara mzuri unakuja mjini yakikutana mambo matatu: mahali pa kazi palipo papa hapa, kijana wa hapa mwenye cheti ambacho mwajiri hawezi kukikataa, na mkataba unaomlazimisha mwajiri aanze kutafuta hapa. Kimoja kikikosekana, viwili vinavyobaki havisaidii.

CHETI AMBACHO HAKIKATALIWI

Nizungumzie cheti, maana hapa wengi tunaumia. Mimi nimeishia kidato cha nne. Siku moja nilikwenda kwa mkandarasi mmoja, sitamtaja, na rafiki yangu ambaye ni mchomeaji hodari. Mageti mnayoyaona kwenye nyumba za vigogo pale mjini, baadhi kayachoma yeye. Yule bwana akamuuliza, cheti? Hana. Wakamchukua kubeba vyuma. Waliokuja kuvichomea walitoka mbali, na rafiki yangu akawa anawapa tochi.

Tusikimbilie kusema huo ni uonevu mtupu. Bomba la gesi si geti. Mchomeaji wa bomba hupimwa kwanza kwa kuchomea kipande, halafu kiungo kinapigwa picha ya mionzi kama mtu aliyevunjika mguu, kuona kama kuna upenyo ndani. Gesi ya Likong'o ikisindikwa itapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri mpaka iwe kimiminika, na ujazo wake upungue mara 600, ndipo iingie melini. Hapo hakuna mtu atakayekubali neno "mimi ni mzoefu". Atataka karatasi.

Basi karatasi tuitafute kabla mradi haujaja. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza gereji au kwa kaka yake anapimwa, anaelekezwa alipopungukiwa, anapewa cheti bila kuanza darasani upya. Wangapi hapa kijiweni mnaujua utaratibu huo? Naona mikono miwili. Hiyo ni aibu ya Serikali, kwa kutoutangaza huku. Na ni aibu yetu pia, kwa sababu majina ya wachezaji wa Simba na Yanga tunayajua hadi wale wa akiba.

Fahamuni jambo jingine. Mtambo kama huo unapojengwa huchukua maelfu ya watu. Ukishaanza kazi unahitaji mamia tu. Maelfu ni ya miaka michache, mamia ni ya miaka 30. Anayeanza kujifunza siku ya uzinduzi atakuta maelfu wanaondoka na mamia wameshajaa.

MAHALI PA KAZI TUSIPASUBIRI

"Na hiyo gesi isipokuja?" Aliniuliza hivyo mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, wala hakuinua macho. Nikamwambia, babu, hilo ndilo swali la leo.

Gesi isipokuja, ufuta upo. Mkoa wa Lindi ni wa mbele nchini kwa ufuta, na ufuta wetu unaingia ghalani, unapigiwa mnada, unapakiwa kwenye gunia, unapanda meli ukiwa mbichi. Anayeukamua ndiye anayeajiri mtu wa maabara, fundi mitambo na mhasibu. Sisi tunaajiri mpagazi.

Korosho zipo. Pale mjini kiko kiwanda cha Buko. Novemba 2018, kwenye sakata la korosho, Rais Magufuli aliagiza kikabidhiwe jeshi ili kibangue. Jiulizeni, kiwanda kilichojengwa kubangua korosho kilikuwa kinafanya nini mpaka aitwe mwanajeshi? Wakati korosho zetu kwa miaka mingi zinabanguliwa India, na mshahara wa kubangua unalipwa huko huko India!

Bahari ipo. Kilwa Masoko Serikali ilianza kujenga bandari ya uvuvi kwa zaidi ya Sh bilioni 260. Bandari ya uvuvi ni barafu, majokofu, wakaguzi wa ubora, mafundi wa injini za meli. Fundi anayejua kuendesha jokofu la samaki amepiga hatua ya kwanza kuelekea mtambo wa kupoza gesi. Kwa hiyo babu, akija Shell au asipokuja, kijana huyu hakupoteza muda wake.

Na kampasi ile ya kilimo isiishie kufundisha nadharia. Tuitake ifungue maabara ya kupima ufuta na korosho, ili mkulima na mwekezaji wapime hapa Lindi badala ya kupeleka sampuli Dar es Salaam. Maabara ni ajira ya vijana wasomi, na kiwanda hupenda kukaa karibu na maabara.

KARATASI YETU

Wenzetu wa chama tawala watasema sheria ipo. Ni kweli. Ipo Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni za mwaka 2017 za ushiriki wa Watanzania. Kampuni inatakiwa iwasilishe kwa PURA mpango wake, ndani yake mna sehemu ya ajira na mafunzo. Nani kati yetu ameuona mpango wa namna hiyo umebandikwa kwenye ofisi ya kata? Sheria iliyofungiwa kabatini Dar es Salaam haimsaidii mtu wa Mitwero.

Tena sheria inasema Mtanzania, na mimi sitaki ibadilishwe iseme Mmwera au Mmachinga. Tukianza hivyo tutakuwa tunapanda ukabila, na kesho utatugeukia wenyewe kule Kariakoo. Ninachosema ni hiki: mafunzo yaletwe hapa kwanza, halafu tushindane na Watanzania wenzetu uwanja ukiwa sawa.

Kwa hiyo karatasi yetu iwe na mambo manne. Yaandikeni.

Kwanza, kabla ya mradi wowote mkubwa kuanza, orodha ya kazi ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa: kazi gani, idadi gani, cheti gani, mwezi gani.

Pili, VETA Lindi ipewe vifaa na walimu wa kufundisha ngazi ambazo mwajiri wa kimataifa anazitambua. Linawezekana. Miaka ya 2010 kampuni ya BG na shirika la VSO walifanya kazi na VETA Mtwara kwa shabaha hiyo hiyo. Sasa liwe sharti, lisisubiri hisani.

Tatu, ile asilimia nne ya mapato ya halmashauri inayotakiwa kukopeshwa vijana. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Itumike pia kulipia vipimo vya ufundi na vifaa vya kazi, isiishie kwenye pikipiki za vikundi vya wapambe.

Nne, mwenye kiwanda aliyekinunua kwa Serikali akakigeuza ghala, anyang'anywe, apewe atakayekiendesha.

Najua mtaniuliza, nani atayasema haya kwenye vikao? Mwaka 2010 Lindi Mjini ilimpeleka bungeni Salum Barwany kwa tiketi ya CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge nchini. Kwa hiyo watu wa hapa wanajua kuchagua wanapoachiwa. Lakini mwaka 2019 na 2024, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi nchi nzima, fomu hii ina kasoro, ile haina mhuri. Mnadhani ni kwa nini mtu anapigania uenyekiti wa mtaa usio na mshahara wa maana? Ni kwa sababu mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeandika barua ya utambulisho, ndiye anayejua nani mkazi, ndiye anayeulizwa vibarua wanapotafutwa. Mtaa ni geti la kwanza.

Wapo watakaosema kijana wa Kusini mvivu, anapenda kahawa na bao. Huyu anayesukuma toroli Kariakoo kuanzia saa kumi alfajiri ametoka wapi? Uvivu wake uko wapi? Akipata pa kufanyia kazi anafanya. Alichokosa ni mahali na karatasi.

Nimalizie. Kesho Jumatatu mimi na yule rafiki yangu mchomeaji tunakwenda VETA kuuliza utaratibu wa kurasimisha ujuzi: ada kiasi gani, siku ngapi, wanapima lini. Anayetaka kufuatana nasi awe hapa kijiweni saa mbili asubuhi. Majibu nitayaandika gazetini, yawe mazuri yawe mabaya. Na wewe msomaji wa Mtwara, wa Kilwa Masoko, wa Temeke, nenda kaulize kwenu, kisha utuandikie hapa gazetini umejibiwa nini.

Tukifika kwenye geti la Likong'o, tusifike na nauli peke yake.

 Mwenye kahawa, mwongeze babu kikombe kimoja. Nitalipa mimi.